Kobalti ilitoka hapa, batri inarudi imechoka

Vijana wa Likasi, wandugu na wadada wa Kikula, Panda, Shituru na wa katikati ya muji,

Hivi karibuni kijana mmoja wa harakati yetu alituita kwenye lupango ya wazazi wake. Hakutuita kwa karamu. Alituita tumusaidie kusukuma motokari. Lexus RX 400h, nyeupe, viti vya ngozi, vioo vyeusi, ile tunazoea kuona kwa bakubwa. Aliinunua ya okazioni. Feza ilikuwa kidogo yake, kidogo ya kaka yake, na bei ya lupango ingine yenye mama yao aliuzisha.

Miezi mitatu tu, batri kubwa ikakufa. Fundi wa kwanza alisema hajui kitu. Wa pili alisema: «Tukate waya, itembee na esanse peke yake.» Haiwezekani. Kwa motokari ya namna hii, injini yenyewe inawashwa na ile batri kubwa. Ikikufa, esanse ijae ao isijae, haiendi. Yule mwenye kuuzisha? Simu haishike tena.

Watu wa kartie walimucheka: «Alitaka kuwa bosi.» Sisi hatucheki. Kutaka kitu kizuri si zambi. Mutoto mwenye alizaliwa juu ya shaba na kobalti ana haki ya kukaa kwenye kiti cha ngozi sawa mutoto wa Tokyo. Shida iko pengine, na tunaomba tuiangalie pamoja.

Angalieni njia yenyewe. Motokari hizi zinatoka Japani, zinashukishwa Dar es Salaam ao Durban, zinapita Zambia, zinaingia Kasumbalesa na volani yao ya kuume. Njiani zinapishana na malori yetu. Malori yamebeba nini? Shaba, na kobalti ndani ya mifuko, inaenda bandari zile zile, kisha China. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Inatoka ikiwa unga. Inarudi ikiwa batri ya mutu mwingine, yenye ilishatumika miaka kumi na zaidi.

Tuseme kweli yote, mutu asituambie tunadanganya. Batri ya ile RX 400h, yenye ilianza kuuzwa 2005, ni ya nikeli zaidi. Kobalti ndani ni kidogo. Ni batri nyingi za litiamu ndizo zinakula kobalti yenyewe, na hizo nazo zitafika hapa zikichoka, njia ni moja. Kama hatuna akili ya kupokea ile ya kwanza, ya pili itatukuta vile vile.

Basi, kama bado unataka kununua hibridi ya okazioni, sikia haya kwanza.

Usijaribu motokari ndani ya lupango ya mwenye kuuzisha. Wengine wanatosha waya ya batri ndogo ya volti 12 ili taa ya alama ya hatari izimike. Itawaka tena, lakini nyuma ya kutembea kidogo. Ikamate njia, enda nayo mpaka Kambove na urudi. Mwenye kuuzisha akikataa, umeshapata jibu.

Enda na mutu mwenye iko na mashini ya kusoma kompyuta ya motokari. Batri kubwa imegawanywa vipande. Volti za vipande zinapaswa kukaribiana. Kimoja kikianguka sana wakati unakanyaga, batri inagonjwa.

Angalia chini ya kiti cha nyuma. Batri inakaa pale, na inapumua hewa ya ndani ya motokari. Likasi tunajua vumbi. Pahali pa kupitisha hewa pakiziba, batri inapata moto na inazeeka mbio.

Omba karatasi ya mnada ya Japani, ulinganishe kilometa zake na zile unaona mbele ya volani. Na usiguse waya za rangi ya machungwa. Umeme wa nyumbani ni volti 220; batri ya RX 400h iko na 288. Inaua.

Lakini wandugu, mashauri peke yake haitoshi. Kama kila mutu anajikinga peke yake, mwenye feza ndogo njo anaanguka siku zote. Juu ya nini muji mzima wa mafundi, muji wa viwanda vya Shituru, muji wenye wazazi wetu walifundishwa kazi ya chuma, hauna garaji hata kumi za kupima batri?

Maneno mazuri tulishayasikia. Mwezi wa 11 mwaka 2021, kwenye mkutano mkubwa wa Kinshasa, walituonyesha hesabu ya BloombergNEF: kujenga hapa Kongo kiwanda cha tani 10,000 cha vitu vya kutengenezea batri kungeomba dola milioni 39, mara tatu chini ya Marekani. Mwaka 2022, Kongo na Zambia walitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri pamoja, na kituo cha utafiti wa batri kikafunguliwa kwenye Université ya Lubumbashi. Mwaka 2025 serkali ilisimamisha kobalti kutoka inchi, kisha ikaweka kipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na vile vile 2027. Tunakubali bei ilindwe. Lakini bei nzuri ya jiwe haifundishe kijana kazi. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa 120 hivi, na ile elimu ya batri bado haijapita peaje.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Moja: Kasumbalesa, motokari ya hibridi isiingie bila batri yake kupimwa, na karatasi ya kipimo ikae na motokari mpaka kwa mwenye kununua. Duwani inajua kuhesabu kodi mpaka franga ya mwisho. Kupima batri haiwezi kuishinda.

Mbili: batri zenye zimekufa ziwekwe pahali pamoja, pa kulindwa. Ndani mwake kuna maji makali yenye yanachoma ngozi. Leo zinavunjwa na nyundo mbele ya watoto, juu ya kutafuta chuma cha kuuzisha.

Tatu, na hii ni kwa wakubwa wetu wa karibu. Kode ya migodi ya 2018 inasema asilimia 15 ya malipo ya migodi inarudi kwa komine ao sekta yenye mugodi uko. Kila komine ya Likasi yenye inapokea feza hii ibandike hesabu kwenye mulango wake: ilipokea ngapi, ilifanya nini. Sehemu yake iende kwa shule za tekniki, vijana wajifunze hibridi na batri. Na kama komine inanunua jeep ya kiongozi, ibandike bei pale pale, karibu ya hesabu ya shule. Tutasoma yote mbili.

Turudie kwa ile Lexus chini ya muti ya maembe. Nyuma ya wiki mbili tulipata kijana wa Kikula mwenye alijifunza peke yake, na simu tu na mashini ndogo ya kupima. Alivaa glovu za mpira, akatosha kizibo cha usalama, akangoja, akafungua. Batri iko na vipande 30. Akapima kimoja kimoja, sisi tukiandika. Vipande 28 vilikuwa vizima. Viwili tu ndivyo vilikufa.

Hatuahidi kama akivibadilisha itaishi miaka mingi. Lakini mama aliuzisha lupango, na katikati ya muji wa kobalti mutu mwenye aliweza kumwambia shida ni vipande viwili alipatikana kwa bahati. Hatutaki tena kupatikana kwa bahati. Tunataka aketi kwenye garaji yake, na diplome yake, na vijana kumi wanajifunza nyuma yake.

Kila mutu mwenye anasoma hii aende kwenye komine yake aulize swali moja: ile asilimia 15 iko wapi? Aende na rafiki, aandike jibu, atuletee.

Likasi ni yetu. Jiwe ni letu. Na akili ya kulitengeneza iwe yetu pia.