BINTI ANAKWENDA OMAN? AJUE KWANZA KUSEMA "NAUMWA" (SEHEMU YA 4)

Leo naacha kidogo mambo ya kliniki, nagusa safari. Maana kuanzia Buger mpaka Karatu mjini nasikia habari ileile: binti wa fulani amepata kazi za ndani Oman. Sawa, sikatazi mtu kutafuta riziki. Msimamo wangu ni mmoja tu: asipande ndege bila Kiarabu cha kuombea msaada.

Angalieni vijana wetu wa utalii. Anayetaka kuongoza Wahispania kule Ngorongoro anashika daftari, anakariri hola, gracias, buenos días mpaka zinakaa kichwani. Na huyo yuko nyumbani kwao, ana ndugu kila kona. Binti anakwenda peke yake, anaingia nyumba ya watu, halafu hana hata maneno matano. Hii imekaaje jamani?

Kabla ya safari anapimwa damu, anapigwa eksirei ya kifua. Vizuri. Lakini afya siyo vipimo tu. Nawaona wodini bibi zetu wanaojua Kiiraqw peke yake. Ukimuuliza inauma wapi, anamtazama mjukuu. Mjukuu akitoka nje kidogo, mimi na bibi tunabaki kuoneshana vidole. Sasa huyo bibi ana mjukuu. Binti yako Muscat atamtazama nani?

Wengine mtaniambia, "Nesi, Oman wanaongea Kiswahili." Ni kweli wapo, na ni wengi. Zanzibar na Oman zimechanganya damu miaka mingi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilihamia huko. Ila hakuna anayekuahidi kwamba binti atapangiwa nyumba hiyo. Na hospitali za kule utakuta wauguzi wengi wametoka India na Ufilipino. Hao Kiswahili watakitoa wapi?

Wengine mnasema atajifunza hukohuko. Mama, ugonjwa hausubiri mtu azoee.

Habari njema ni kwamba nusu ya kazi tumeshaifanya bila kujua. Dawa kwa Kiarabu ni dawa. Damu ni dam. Maradhi yametoka hukohuko, ndiyo maana mwanamke anayeumwa anasema "ana maridha". Aongeze haya:

- "Indi alam hina": nina maumivu hapa (aoneshe kwa kidole).
- "Indi hasasiya": nina aleji. Ataje na jina la dawa.
- "Ma afham": sielewi.
- "Shwai shwai": polepole.

Hilo "ma afham" msilidharau. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Emirati, na mle kuna wanawake walionyang'anywa pasipoti na kufanyishwa kazi kupita kiasi. Neno halimzuii mwajiri mbaya, siwadanganyi. Lakini anayeweza kusema "sielewi" ana sababu ya kutoweka sahihi harakaharaka.

Kitu kingine ni saa, na hapa kama nesi nasisitiza. Kiarabu "sab'a" ni saba, tunasikilizana. Ila wao wakisema saa sab'a asubuhi, kwetu hiyo ni saa moja asubuhi. Binti mwenye dawa za kifafa akidhani ni saa saba yetu ya mchana, anachelewa saa sita nzima. Afundishwe hili kabla ya yote.

Hamna haja ya chuo. Tafuta dada aliyewahi kukaa kule, au ustadhi wa madrasa aliye karibu, maneno mawili kwa siku. Watoto wetu nyumbani Kiiraqw, shuleni Kiswahili, kidogo Kiingereza. Lugha ya nne haiwashindi.

Halafu karatasi moja ndani ya nguo, siyo kwenye begi: magonjwa yake, dawa zake, aleji, namba ya ubalozi wetu Muscat, na 9999, namba ya dharura ya Oman.

Mnamnunulia begi jipya na kitenge cha safari. Mpeni na maneno.

Mwenye binti anayejiandaa aniulize hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Mtumie na shangazi yake asome.