Picha za Mlimani



Tangu Jumapili grupu yetu ya WhatsApp imejaa picha za Mlima Kenya. Vijana wetu walipanda kwa njia ya Sirimon, wakalala Old Moses na Shipton's, wakafika Lenana, mita 4,985, jua likichomoza. Nimezitazama zote. Nimesoma pia maneno yaliyofuata: kwamba hayo ni majivuno, kwamba humu kuna watu hawajalipa kodi ya nyumba na wengine wanaonyeshana barafu.

Mimi sikubaliani. Mtu akiweka akiba kidogo kidogo mwaka mzima, akaenda kuona kazi ya Mungu, kwa nini afiche? Wengi wetu tumezaliwa tukiutazama mlima huu asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, na hatujawahi kupita geti la mbuga. Wageni huvuka bahari kulipia kile ambacho sisi tunakitazama tukianika nguo. Furaha ya mwenzako ikikuchoma, chunguza imekuchoma wapi. Usiuite wivu unyenyekevu.

Lakini vijana, nanyi nina neno nanyi.

Karibu picha zote ni za kileleni. Ubao, bendera, tabasamu. Za safari ya saa nane usiku hazipo. Nimeambiwa wawili walitapika na mmoja akarudishwa chini na mwelekezi. Hilo halikupostiwa, na ndilo ndugu yenu anayepanga kwenda Desemba anahitaji kulijua kuliko yote. Kule juu hewa ni nyepesi. Kichwa kikiuma sana na kutapika kukianza, dawa ni kuteremka, hata kama kilele unakiona. Naamini maombi, mnanijua. Omba ukiteremka.

Halafu wapagazi. Katika picha arobaini na kitu nimemwona mmoja tu, tena mgongo. Huyo ndiye aliyebeba chakula chenu na sufuria zenu, akafika kambini kabla yenu akawasha jiko. Mkimwomba naye akubali, mwekeni kwenye picha, mwandike na jina lake. Mtu akiona anaweza kumtafuta kwa kazi nyingine. Na alipwe kabla picha haijapostiwa.

Jambo dogo: kuposti ukiwa bado kambini, huku nyumba imefungwa kufuli wiki nzima, ni kuwatangazia wezi ratiba. Yesu alipoteremka mlimani na wanafunzi wale watatu aliwaambia wasisimulie kwanza, mpaka wakati wake. Sababu yake ilikuwa nyingine, najua, lakini subirini mfike nyumbani.

Picha iliyonigusa zaidi haina mtu. Ni ya barafu ya Lewis, ile iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani. Imebaki kipande cha kijivu kwenye mawe. Aliyeipiga aliomba radhi kwamba haikutoka vizuri. Ilitoka vizuri sana. Watoto wa Sunday School wanaweza kukua wasiikute kabisa.

Kwa hiyo naomba hivi. Wazee mliopanda miaka ya sabini na themanini, najua mpo, fungueni zile albamu za chini ya kitanda. Leteni picha zenu Jumapili. Tutazibandika pale nyuma, kando ya hizi za vijana, na kila mwenye picha asimame aseme ni mwaka gani na barafu ilifika wapi.