Masufuria ya Wakfu na Presha za Watu Wazima



Msikiti wetu una masufuria makubwa saba. Matano kati ya hayo ni ya kusubu, yaliyoyeyushwa na mafundi wa mtaani kutokana na vyuma chakavu. Yaliwekwa wakfu na familia moja ya jirani kwa ajili ya marehemu baba yao, na kwa miaka mingi yamepika pilau ya Maulidi na mchuzi wa futari. Mwezi uliopita daktari mmoja, muumini mwenzetu, alitueleza kikaoni jambo lililotukosesha raha, nasi hatuoni haki kulificha.

Fundi wa kusubu huyeyusha anachokipata. Tanurini mwake huingia vipande vya injini, radieta na makopo, na pamoja navyo huweza kuingia risasi na kadimiamu, metali nzito ambazo mwili wa mwanadamu hauzihitaji hata chembe. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya aluminiamu kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi vilipochemshiwa maji makali kama siki. Kina mama wataelewa mara moja: ukwaju, ndimu na nyanya hufanya kazi hiyo hiyo.

Tumezoea kusikia kuwa risasi ni balaa la watoto, na ni kweli, kwani huwadumaza akili. Kwa mtu mzima hupita njia nyingine, ya kimyakimya. Risasi hujifananisha na kalisiamu, mifupa ikaipokea na kuihifadhi kwa miaka na miaka. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za risasi iliyomo mwilini mwa mtu mzima hukaa mifupani. Mifupa inapoanza kulika kwa uzee, au mama anapobeba mimba na kunyonyesha, akiba ile hurejea katika damu. Mishipa hukakamaa, figo hudhoofika, presha hupanda. Kadimiamu nayo hujikusanya figoni na kukaa humo zaidi ya miaka kumi. Tuwakumbushe pia ndugu zetu wanaovuta sigara nje ya ukuta wa msikiti kwamba metali hiyo imo katika moshi wa tumbaku.

Na kisukari je? Hapo iliyochunguzwa zaidi ni aseniki. Huko Bangladesh, ambako mamilioni ya watu walikunywa maji ya visima vyenye aseniki, ugonjwa wa kisukari umeonekana zaidi kwa walioinywa kwa wingi.

Tusieleweke vibaya. Presha ina milango mingi: chumvi, unene, kukaa bila kutembea, urithi wa ukoo. Mzee anayemeza dawa asiziache eti kwa kuwa amebadilisha sufuria.

Kilichotukwamisha katika kamati ni neno wakfu. Wajumbe wawili walisema wakfu haubadilishwi, na hoja yao ni nzito, hasa kwetu sisi Mashafii ambao wanazuoni wetu wamelikaza sana jambo hili kuliko Mahanafi na Mahanbali. Wengine tukasema kwamba kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia, na aliyetoa wakfu alikusudia kulisha waja wa Mwenyezi Mungu, hakukusudia kuwadhuru. Tulibishana hadi saa nne usiku. Mwishowe suala likapelekwa kwa sheikh wetu, na sisi tukaenda kwa familia, kwa kuwa tuliona aibu wasikie habari hizi kwa watu. Kijana wao mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja tu: je, thawabu za baba zitakatika?

Wakati tukingojea jibu la sheikh, masufuria yale hayauzwi wala hayapikiwi. Yanabebea vyombo na mkaa siku za shughuli, na wakfu umebaki mahali pake.

Nyumbani, asiye na uwezo wa kununua sufuria nyingine leo, walau asipikie chakula chenye uchachu katika sufuria ya kusubu, wala asikilaze humo hadi asubuhi. Asiisugue ndani kwa waya wa chuma mpaka ing'ae, kwani utando ule uliofifia husaidia kuizuia metali. Maziwa, dagaa na mboga za majani zina kalisiamu na madini ya chuma, na mwili usiopungukiwa na hivyo hufyonza risasi kidogo zaidi.

Msikiti unahitaji masufuria mawili ya chuma cha pua, yale yanayoitwa stenlesi madukani, kabla ya Ramadhani. Mwenye nia amwone mweka hazina baada ya Swala ya Isha. Wiki ijayo, inshaallah, tutazungumzia wanja wa sokoni, ambao mara nyingi si ithmidi iliyotajwa katika Sunna bali ni jiwe la risasi lililosagwa.