Magurudumu yanayochemka yanakula faida ya mkulima

USIPOZIBA ufa utajenga ukuta. Methali hii inafahamika kwa kila mtu katika milima ya Usambara, lakini inapofika kwenye magari yanayoteremsha mazao, wengi huisahau.

Gari lililoshuka kutoka Amani hadi Muheza likiwa na abiria, magunia ya iliki na mikungu ya ndizi mara nyingi huonyesha dalili mbili. Ya kwanza ni vifuniko vya plastiki vya magurudumu kubabuka rangi, kufanya malengelenge au kupinda. Ya pili ni rimu kuwa za moto kiasi kwamba mtu hawezi kuweka kiganja. Dereva humwagia maji, mwenye gari hununua vifuniko vingine, na safari ya kesho yake inaendelea kama kawaida.

Utaratibu huo ni wa hasara. Kifuniko kilichobabuka ni dalili, kama ilivyo homa kwa mgonjwa. Anayebadili kifuniko bila kujua joto limetoka wapi ameondoa dalili na kuuacha ugonjwa. Aidha, gharama ya ugonjwa huo haimwangukii mwenye gari peke yake. Inamwangukia pia mkulima na mfanyabiashara mdogo ambaye mzigo wake, na mara nyingi yeye mwenyewe, yumo ndani ya gari hilo.

Joto linatoka wapi

Amani iko kwenye mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, na Muheza iko kwenye mita 200 hivi. Gari lenye uzito wa tani 2 pamoja na abiria na mizigo linaposhuka mita hizo 700, nguvu inayopaswa kumezwa njiani inatosha kuchemsha lita 40 za maji ya baridi, yaani ndoo mbili kubwa.

Kwa upande wa Lushoto hali ni nzito zaidi. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi na Mombo kwenye mita 400 hivi, katika mwendo wa kilomita zisizozidi 35 kupitia Soni. Lori dogo la mboga lenye tani 6 kwa jumla hushuka na nguvu ya kuchemsha lita 175 za maji, pungufu kidogo ya pipa zima.

Nguvu hiyo lazima iende mahali. Sehemu huishia kwenye upepo na matairi. Sehemu kubwa inaweza kumezwa na injini, iwapo dereva atashuka na gia nzito, ile ambayo angeitumia kupandia kilima hicho hicho. Inayobaki huwa joto kwenye breki, na kutoka hapo huhamia kwenye rimu na kifuniko chake.

Wapo madereva wanaoweka gia huru wakiamini wanaokoa mafuta. Hao huzibebesha breki karibu mzigo wote. Isitoshe, kwa injini nyingi za siku hizi mafuta hayo hayaokolewi. Gari likishuka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, injini hukata mafuta yenyewe. Likiwa kwenye gia huru, injini hulazimika kuendelea kunywa ili isizime.

Kwa hiyo, rimu za mbele kuwa na joto mara baada ya kumaliza mteremko si jambo la kushangaza, kwa sababu breki za mbele ndizo hufanya kazi kubwa zaidi. Cha kuhofia ni gurudumu moja kuwa la moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, au magurudumu kuwa ya moto baada ya safari ya tambarare.

Kila gurudumu lina maana yake

Kabla ya kwenda gereji, mwenye gari atazame ni vifuniko vipi vilivyobabuka. Kama ni vya mbele vyote viwili, kwa kiwango sawa, chanzo huwa ni uendeshaji au uzito uliozidi. Hapo spea mpya haitasaidia kama dereva hatabadili namna anavyoshuka.

Kama ni kimoja tu, breki ya gurudumu hilo inabana bila kuachia. Huenda pistoni ya kalipa, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, imeshika kutu. Huenda pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekauka grisi na kujaa tope. Inawezekana pia mpira wa breki umevimba kwa ndani, ukaruhusu mafuta kuingia dereva anapokanyaga na kuyazuia kurudi anapoachia.

Kama ni vya nyuma viwili, mtuhumiwa wa kwanza ni breki ya mkono. Waya wake hushika kutu na tope, dereva akishusha mkono anadhani imeachia kumbe bado inabana. Magurudumu yote manne yakiwa ya moto, tatizo huwa juu zaidi: pedali hairudi mpaka mwisho, masta silinda ina hitilafu, au mafuta yaliyowekwa si ya breki.

Kuna pia beringi. Beringi iliyoisha hutoa mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na gurudumu likiinuliwa kwa jeki na kushikwa juu na chini hucheza.

Hata hivyo, si kila kifuniko kinachobabuka kina ugonjwa. Jua kali, kokoto, sabuni kali na rangi hafifu ya vifuniko vya bei ya chini vinatosha kukibabua. Kama rangi imetoka bila plastiki kupinda na rimu haina joto la ajabu, hakuna sababu ya kumlipa fundi.

Kipimo chake ni rahisi. Gari liendeshwe kilomita kama 10 katika barabara isiyo na miteremko mikali, kama ile ya kutoka Muheza kwenda Tanga, breki zikitumika kidogo iwezekanavyo. Likisimama, mtu apitishe mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa, akilinganisha kushoto na kulia. Lenye joto kupita mwenzake ndilo la kufunguliwa.

Fundi naye aulizwe swali moja. Gurudumu likiwa limeinuliwa na limegoma kuzunguka, afungue kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Gurudumu likiachia, mafuta yalikuwa yamefungiwa, na tatizo liko kwenye mpira au masta silinda. Likiendelea kugoma, tatizo liko kwenye pistoni au pini. Jaribio hilo la dakika chache humwokoa mwenye gari na kununua spea zisizohitajika. Pedi mpya zikifungwa kwenye kalipa iliyokwama, nazo zitaungua muda si mrefu.

Mafuta ya breki na unyevu wa Amani

Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo unaostawisha iliki na chai ni adui wa breki, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya maji polepole kutoka hewani, na yakishanyonya huchemka mapema. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji.

Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga pedali ikazama hadi chini bila gari kupunguza mwendo, tena katikati ya mteremko. Ndiyo maana mafuta haya hubadilishwa yote kila baada ya miaka miwili hivi, wala haitoshi kuongezea tu. Chupa iliyokaa wazi dukani isinunuliwe. Oili ya injini isiwekwe kamwe, hata kwa dharura, kwa kuwa huvimbisha mipira yote ya mfumo wa breki.

Maji ya kumwagia rimu nayo yaachwe. Chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda au kupasuka. Dereva mwenye breki za moto asimame pahali tambarare, aweke gia na mawe kwenye matairi badala ya breki ya mkono, kisha asubiri zipoe zenyewe.

Nani alipe

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ushindani wa magari ya mizigo milimani ni wa bei. Mwenye gari anayebadili mafuta ya breki na kusafisha kalipa kwa wakati ana gharama ambazo mwenzake hana. Akiiongeza gharama hiyo kwenye nauli, wateja wanamkimbia. Akiibeba mwenyewe, faida inapungua. Kwa maneno mengine, soko linamwadhibu mwangalifu na kumtuza mzembe, na wanaolifanya soko liwe hivyo ni wenye mizigo wanaouliza bei tu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gari linashusha mzigo mara 3 kwa wiki, yaani safari 150 hivi kwa mwaka. Tuseme matunzo ya breki yanagharimu Sh300,000 kwa mwaka. Hiyo ni Sh2,000 kwa safari. Kama kila safari ina magunia 20, ni Sh100 kwa gunia. Kila mmoja anaweza kuweka tarakimu za gari analolitumia, lakini jibu litabaki dogo likilinganishwa na thamani ya gunia la iliki au pilipili manga.

Upande wa pili wa mizani ni kabichi na nyanya za Lushoto zinazolala njiani huku gari likisubiri spea, zikifika sokoni Tanga au Dar es Salaam zimenyauka na bei imeshuka. Ni majani mabichi ya chai yanayoharibika kabla ya kufika kiwandani. Ni mafuta ya ziada yanayoteketea kwa sababu gari linavuta breki zake lenyewe. Juu ya yote hayo ni uhai wa watu, ambao hauna bei.

Wapo watakaosema kwamba mkulima hana sauti, kwa kuwa kijijini kwake gari ni moja na asiyelipanda atabaki. Ni kweli kwa mkulima mmoja mwenye gunia moja. Si kweli kwa kikundi cha wakulima 10 wenye magunia 20, kwa sababu hao ndio safari yenyewe. Wanaweza kukubali kulipa Sh100 zaidi kwa gunia, kwa sharti la kuonyeshwa risiti ya matunzo ya breki na kuangalia magurudumu kabla ya kupakia.

Wenye mizigo nao wana wajibu wao. Wasijaze gari kupita uwezo wake kisha wakamlaumu dereva. Wasimharakishe anaposimama kupoza breki, kwani dakika 20 za kusubiri ni nafuu kuliko siku nzima ya kukwama.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe na breki zinazofanya kazi, na askari wana kazi yao ya kukagua. Lakini stika iliyobandikwa kwenye kioo haijui kilichotokea kwenye kalipa tangu siku ilipobandikwa. Ukaguzi wa kila safari unaweza kufanywa tu na wale wanaosafiri.

Vikundi vya wakulima na wafanyabiashara wa Amani, Soni na Lushoto wanaweza kuanza na hatua moja kabla ya msimu ujao wa mavuno: wakubaliane na wenye magari kiasi cha matunzo ya breki ndani ya nauli ya kila gunia, na wateue mtu mmoja wa kuangalia magurudumu manne kabla mzigo haujapandishwa. Gari lenye gurudumu la moto lisipakiwe mpaka fundi aeleze sababu.