Kuku wa sufuria moja hana firigisi ya mtu mmoja

Ukipita Kaloleni jioni, mwendo wa saa moja hivi, wakati watu wanaposhuka matatu katika barabara ya Jogoo na kuingia mtaani kwa miguu, pua yako itakupa habari za kila nyumba kabla hujabisha hodi. Hapa pana omena, pale pana sukuma wiki, kwingine matumbo yanachemka. Lakini kuna harufu nyingine ambayo siku hizi hutoka madirishani, nayo ni ya kuku aliyepikwa pamoja na makaroni na maziwa ndani ya sufuria moja. Wako wasemao kuwa huo ni uvivu wa akina mama wa kisasa. Wako wengine wasemao kuwa ni kuiga Wazungu. Mimi nasema kuwa wote hao wametazama sahani wasione jambo lenyewe. Chakula hiki kimebeba swali kubwa kuliko utamu wake, nalo ni hili: kuku akichinjwa nyumbani, nani hula nini?

Swali hilo lilinijia siku baba yangu mkubwa alipotutembelea kutoka nyumbani, huko Magharibi. Dada yangu, ambaye hufanya kazi Viwandani na hurudi jua limekwisha kuzama, alipita dukani akanunua kuku, akafika, akavua viatu, akawasha jiko. Haikupita saa moja tukaketi kula. Mzee alinawa mikono, akatazama sahani yake, akageuza vipande kwa kijiko polepole kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha. Mwishowe akauliza kwa upole:

"Mwanangu, kuku huyu hakuwa na imondo?"

Imondo ni firigisi, na kwetu kila mtoto ajua firigisi ni ya nani.

"Alikuwa nayo, baba," dada akajibu. "Imo humo. Nimeikata, kila mtu ameipata kidogo."

Chumba kikanyamaza. Mzee hakugomba. Alikula, akamaliza, kisha akaomba kipande cha ugali cha kushindilia. Sote tukacheka naye akacheka, lakini mimi sikulala upesi usiku ule.

CHUNGU NA WENYEWE

Kwanza tuwajibu wale wanaosema ni uvivu. Mama wa Kaloleni apikaye ugali, kuku na mboga hupika mara tatu, na aghalabu ana jiko moja tu. Kuku akitoka motoni huingia mboga, mboga ikitoka huingia ugali, na ugali ukiiva kuku amekwisha kupoa. Makaa nayo hayasubiri mtu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake mwaka 2018, bei ya makaa ilipanda, na kila mwenye jiko alijionea mwenyewe jinsi mkebe mmoja unavyoweza kuuma mfuko. Mwenye gesi pia husikiliza mtungi wake kwa wasiwasi kila mwisho wa mwezi. Kupika chakula kizima kwa moto mmoja si uvivu basi. Ni hesabu, na wanaoifanya ni wale walioshinda kutwa kazini na ambao watoto wao wanangoja kusaidiwa kazi za shule.

Wala upishi huu hauhitaji vitu vya hoteli. Huchukuliwa kuku mmoja wa kilo moja na robo hivi, akakatwa vipande vidogo vya kuingia kijikoni, maini na firigisi vikiwamo. Sufuria huwekwa motoni kwa mafuta kidogo tu, kwa sababu ngozi ya kuku ina mafuta yake, na vipande hugeuzwa mpaka vipate rangi ya kahawia. Kisha huja vitunguu viwili, kitunguu saumu, pilipili manga, chumvi, na nyanya mbili, si zaidi. Humiminwa maji vikombe vinne, sufuria ikafunikwa. Kuku wa kisasa hulainika kwa dakika 20 hivi. Jogoo wa kienyeji atataka saa moja na nusu au zaidi, na kwa hiyo yeye ni wa Jumapili. Akishalainika, maji huongezwa yawe vikombe vinne tena. Hapo ndipo hutiwa makaroni gramu 400, yakakorogwa yasigande chini, yakachemka kiasi cha dakika 10 mpaka yamenywa mchuzi karibu wote.

Maziwa, vikombe viwili vya moto, huja mwisho kabisa, moto umekwisha kupunguzwa. Anayeyatia mapema atalia, kwa maana uchachu wa nyanya na ukali wa moto huyakata yakawa mabonge. Aliyechemsha maziwa asubuhi na akabakiza malai, ule utando wa mafuta unaokaa juu, na ayatie pia. Dhania hunyunyizwa, sufuria hutuliwa, na baada ya dakika tano mchuzi huwa mzito, mweupe, unaoshika kijiko.

Watu wengi hudhani kuwa uzito huo hutoka kwenye krimu ya bei ghali. Hasha! Hutoka kwenye wanga wa makaroni yenyewe. Anayechemsha makaroni peke yake kisha akayachuja, humwaga uzito wenyewe shimoni pamoja na maji, halafu huenda dukani kununua mwingine. Aliyepika kwa sufuria moja hakumwaga kitu.

NANI MGENI?

Sasa tuwajibu wanaosema kuwa hiki ni chakula cha kigeni. Makaroni ni ya Wataliano, wanasema, nayo Kaloleni ni kwa watu wa ugali. Lakini hakuna mtaa katika Nairobi unaofaa kunyamaza zaidi katika jambo hili kuliko Kaloleni. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika na jamaa zao, na wazee husimulia kuwa miongoni mwa walioujenga walikuwa mateka wa vita wa Kitaliano. Majeshi ya Italia yalishindwa Afrika Mashariki mwaka 1941, na maelfu kwa maelfu ya askari wao wakaletwa Kenya kufungwa na kufanyishwa kazi. Lile kanisa dogo lililo kando ya barabara ya Mai Mahiu, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, ni kazi yao ya mwaka 1942. Sidai kuwa wao ndio waliotufundisha kupika makaroni. Nasema tu kwamba mtu anayelala chini ya paa la mgeni asiwe mwepesi wa kumtupia mgeni sahani.

Tena tambi si ngeni kwa Waswahili. Pwani hupikwa kwa sukari, iliki na tui la nazi, nazo huonekana sana mezani wakati wa futari. Hapa jirani, Eastleigh, Wasomali hula baasto na nyama, na ndizi mbivu kando, chakula walichokirithi tangu Italia ilipotawala sehemu ya nchi yao. Kuku wa nazi ni fahari ya Lamu na Mombasa, na kuku huyo ni nini kama si kuku katika mchuzi mweupe, mzito? Huko Nyanza na Magharibi nako mama hutia maziwa katika mboga chungu za kienyeji ili kupunguza ukali wake. Kwa hiyo kuku twamjua, tambi twazijua, na maziwa ndani ya chungu twayajua. Kilicho kipya ni kuvikutanisha tu.

Na ugali wenyewe je? Mahindi yalitoka Amerika yakaletwa Afrika na mabaharia wa Kireno, na bara hii yalienea sana katika karne ya 20. Kabla ya hapo wazee wetu walisonga ugali wa mtama na wimbi. Bila shaka alikuwako mzee mmoja wa siku zile aliyeutazama ugali mweupe akauliza ni upuuzi gani huu.

FIRIGISI

Nimekuja sasa kwenye swali langu. Katika sehemu nyingi za Nyanza na Magharibi, zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Alimfuga kuku, akamlinda na mwewe, akamchinjisha, akampika, akampakua, kisha akakaa jikoni na mboga yake. Desturi hiyo imevunjika, na walioivunja walistahimili matusi mengi. Lakini mizizi yake haijakauka. Katika nyumba nyingi paja bado ni la baba, firigisi ni ya baba, kidari ni cha mgeni, mabawa ni ya watoto wa kiume, na mama hugugumia shingo huku akisema kuwa ndiyo aipendayo. Nimesikia akina mama wengi wakiisifu shingo ya kuku. Sijapata kumsikia baba hata mmoja akiisifu.

Tukumbuke tuko wapi. Katika ukumbi wa Kaloleni, ule ambao watu waliupa jina la Bunge, akina Tom Mboya walihutubia wafanyakazi kabla ya Uhuru. Humo wanaume walisimama wakadai kuwa aliyefanya kazi apate haki yake, na kuwa mtu asipewe makombo katika nchi yake mwenyewe. Walisema kweli na walipigiwa makofi. Mkutano ukaisha, wakarudi nyumbani hatua chache tu kutoka ukumbini, na huko aliyefanya kazi ya kupika akapewa shingo. Hakuna aliyeona kuwa hotuba ile ile ingeweza kusomwa jikoni.

Na hili si jambo la hisia tu. Wanaohitaji nyama na mayai zaidi katika nyumba ni mtoto anayekua, mama mwenye mimba na mama anyonyeshaye. Desturi iliyowaweka hao mwisho wa foleni iliwapa wenye nguvu nguvu zaidi. Sufuria moja haina foleni. Kuku amekatwa vipande vidogo, amechanganyika na makaroni, na anayepakua hawezi kuchagua hata akitaka. Mtoto wa mwisho hupata kama wa kwanza. Tena kuku mmoja aliyekuwa akitosha watu wanne hulisha saba au wanane, kwa sababu utamu wake wote umeingia katika kila kijiko.

NENO LA MZEE

Lakini sitaki kumdhulumu baba yangu mkubwa. Asubuhi yake nilimsindikiza hadi kituo cha mabasi, na njiani nikamwuliza kama chakula cha jana kilimchukiza. Akasema hapana, kilikuwa kitamu. Kisha akaniambia neno ambalo sikulitazamia.

"Wewe unafikiri nilitaka nyama. Mimi nina meno mangapi ya kutafuna imondo? Mtu akipewa imondo, anaambiwa: tumekuona, tunajua umekuja. Jana nilikula vizuri, lakini hakuna aliyeniambia kitu."

Nilikosa jibu, na nakiri kuwa mzee alikuwa na haki. Wanaotetea mambo mapya mara nyingi hudhani kuwa desturi ni uchoyo mtupu uliovaa kofia ya heshima. Sivyo. Firigisi ilikuwa barua. Ilimwambia mgeni kuwa kuku amechinjwa kwa ajili yake, si masalio ya jana. Ukiikata vipande ukaitawanya, umegawa nyama kwa haki, lakini barua umeichana.

Basi tufanyeje? Mimi naona kuwa heshima na shibe ni mambo mawili, na kosa la zamani lilikuwa kuyafunga katika kipande kimoja cha nyama. Shibe na igawanywe sawa, kila siku, kwa kijiko kimoja na sufuria moja, bila kumwuliza mtu kama ni mwanamume au mwanamke. Heshima nayo ina njia nyingi zisizomnyima mtoto chakula. Mgeni na anawishwe mikono kwanza. Na apewe kiti kizuri na aombwe kusema neno kabla ya kula. Na kama ni mzee aliyesafiri usiku kucha kwa basi, firigisi na ipikwe nzima, imo humo humo sufuriani, iwekwe juu ya sahani yake mbele ya wote. Firigisi moja kwa mgeni mmoja haimwoni mtu njaa. Kinachowaonea akina mama ni firigisi ya kila siku, ya baba yule yule, katika nyumba ile ile, isiyosema neno lo lote la heshima ila kwamba amezoea.

Mzee alipokuja tena, dada yangu alipika vile vile, kuku, makaroni na maziwa. Safari hii firigisi ilikuwa nzima. Mzee akaiona, akatabasamu, akaitazama kwa muda. Kisha akaikata mwenyewe kwa kisu vipande viwili, kimoja akakiweka katika sahani ya dada yangu.

"Aliyepika naye amekuja," akasema.

Ugali hakuomba.