Maandamano Wakati wa Maradhi: Kinga Ni Juu ya Nani?

Tarehe 25 Mei 2020, siku Mmarekani mweusi George Floyd alipofia chini ya goti la askari mjini Minneapolis, Marekani ilikuwa imekwisha kupoteza watu wapatao laki moja kwa maradhi ya korona, na waliotoka majumbani kwenda kudai haki walijua fika kwamba tangu Machi matabibu walikuwa wakiwausia wasikusanyike. Mapema Juni, wataalamu wa afya na wenzao zaidi ya 1,200 walitia saini waraka wa wazi wakisema kwamba ubaguzi wa rangi nao ni balaa la afya, na kwamba maandamano yasizuiwe kwa hoja ya maradhi, bali watu wafundishwe namna ya kujikinga. Waliofungiwa nyumba zao za ibada, na hasa waliozuiliwa kuwasindikiza wazazi wao makaburini, waliona uchungu. Nami nasema uchungu wao ulikuwa wa haki, maana kirusi hakimwulizi mtu amekuja kuzika au kudai. Laiti wote wangaliambiwa mapema, kwa kauli moja, hatari yenyewe i wapi.

Hatari i katika pumzi. Apazaye sauti hutoa kinywani chembe nyingi kuliko asemaye kwa utulivu. Nje penye upepo chembe hizo hutawanyika, na katika chumba kisichopitisha hewa hubaki zikielea. Kwa sababu hiyo mwandamanaji mwenye busara huifunga barakoa puani na mdomoni hata anapoimba, hupendelea bango na ngoma kuliko ukelele, huandamana na wale wale aliokuja nao, na akiwa na homa hubaki kwake. Aprili ya mwaka ule, katika uwanja wa Rabin mjini Tel Aviv, maelfu walisimama kila mmoja mbali na mwenziwe kadiri ya mita 2, wakifuata alama zilizowekwa chini. Minneapolis nako, walipopimwa maelfu baada ya maandamano, walioonekana na maradhi hawakutimia wawili katika kila mia.

Walakini hadhari yote hiyo yaweza kubatilishwa na askari kwa dakika chache. Tarehe 4 Juni, mtaani Mott Haven, Bronx, mjini New York, polisi waliwazingira waandamanaji kabla tu ya saa 2 usiku, saa ya kuanza kwa amri ya kutotoka nje, wakawaziba njia ya kuondoka, kisha wakawakamata zaidi ya 250. Aliyefungwa mikono nyuma kwa pingu za plastiki, barakoa ikimteremka, hana cha kuipandishia. Moshi wa machozi nao humkohoza mtu hata akaivua mwenyewe. Nairobi, siku ya Saba Saba ya mwaka huo huo, waliokuja kulalamikia mauaji yaliyofanywa na polisi, yakiwamo ya wakati wa kafyu iliyowekwa kwa jina la afya, walitawanywa kwa moshi kama huo, na makumi wakatiwa korokoroni.

Serikali ikatazayo mikusanyiko kwa kuhofia maambukizo, kisha ikawasonga raia ndani ya karandinga, imeipoteza hoja yake yenyewe. Basi siku yatakapozuka maradhi mengine, mwandamanaji na avae barakoa yake, na mkuu wa polisi awaachie watu njia ya kutokea. Na aliyevunja sheria aandikiwe wito pale pale barabarani, arudi kwake.