Jina Lisilofutika Halimfichi Mwenyewe

Majina ya Wakenya wengi mtandaoni yanashikiliwa kwenye barabara moja. Jijini Nairobi, ukishapita Westlands kuelekea Kangemi, Waiyaki Way ndiko iliko Safaricom House, na laini ya simu nchini haisajiliwi bila kitambulisho. Mamlaka ya Mawasiliano iko barabara hiyo hiyo, mkabala na Shule ya Kianda, na KeNIC, wanaosimamia vikoa vya .ke, wana ofisi papo hapo. Anayetaka kujua mwenye laini ni nani, au kuzima anwani ya tovuti, hana safari ndefu.

Ndiyo maana mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, yaani isiyo na msimamizi mmoja, ina watetezi wenye hoja nzito. Katika Nostr, iliyoanzishwa mwaka 2020, hakuna kampuni inayokupa jina. Programu inakutengenezea funguo mbili: wa siri, unaotia saini kila unachoandika, na wa wazi, ambao ndio utambulisho wako mbele ya watu. Seva moja ikikufukuza, unahamia nyingine ukiwa mtu yule yule. Bluesky nayo inakuruhusu kutumia kikoa chako kama jina la akaunti, ingawa kikoa hicho kikiwa cha .co.ke tumerudi pale pale Waiyaki Way. Mastodon inategemea kikoa cha seva, na udhaifu wake ulionekana Februari 2024, serikali ya Taliban ilipofuta queer.af, anwani ya seva moja ya Mastodon, kwa kuwa .af ni mali ya Afghanistan. Seva nzima ilipoteza anwani.

Kwetu hofu hiyo si ya kubuni. Telegram ilizibwa wakati wa mitihani ya KCSE mwaka 2023, ikazibwa tena 2024. Marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, yaliyotiwa saini tarehe 15 Oktoba 2025, yanaipa kamati ya serikali uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifungiwe. Mtandao wenye seva mia, kila moja na mwenyewe, ni mgumu zaidi kuuziba kuliko wenye mlango mmoja.

Lakini utambulisho huo una bei yake. Ufunguo wa wazi wa Nostr ni herufi na tarakimu 63 zinazoanza na npub1. Hakuna atakayeutamka kwenye mkutano wa bustani ya Jeevanjee na watu wakaukumbuka. Mwaka 2001 mtaalamu wa kompyuta Zooko Wilcox alisema kwamba jina linaweza kukumbukika, kutoghushika na kutotegemea ofisi moja, ila si yote matatu kwa pamoja. Namecoin ilijaribu kuyapata yote mwaka 2011, ikiandika majina kwenye daftari la pamoja lisilo na msimamizi. Watafiti walipolichunguza mwaka 2015 walikuta takriban majina 120,000, na 28 tu ndiyo yaliyokuwa na tovuti za maana zisizo za walanguzi. Mengi ya yaliyobaki yalinyakuliwa kama viwanja vya umma.

Kisha fikiria Tom Mboya Street saa kumi na mbili jioni, simu ikiporwa mkononi. Laini utarudishiwa kesho ukifika dukani na kitambulisho. Ufunguo wa siri ambao hukuuhifadhi kwingine haurudishwi na yeyote, na ukiangukia mikono mibaya, mwizi ataendelea kuandika kwa jina lako.

Hayo yanaweza kupatiwa dawa. Linalonisumbua zaidi ni kwamba teknolojia hii inajibu swali la nani anaweza kufuta jina lako, ilhali Nairobi inauliza nani anaweza kukufikia wewe. Novemba 2024 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi alikamatwa Eldoret na kushtakiwa Nairobi kwa picha ya jeneza la Rais iliyowekwa kwenye mtandao wa X na akaunti iliyojiita Landlord. Jina hilo halikumzuilia pingu. Desemba mwaka huo vijana waliosambaza picha za kumkejeli Rais walitekwa nyara, na kadhaa wakaachiliwa tarehe 6 Januari 2025. Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay Juni 2025 kwa chapisho lililomhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, akaletwa Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi, na tarehe 8 alikuwa maiti. Polisi walidai alijigonga ukutani. Wapasuaji wa maiti walikuta majeraha ya kipigo.

Hata Nostr isingemwokoa Ojwang. Ukiifungua kwa bando la laini iliyosajiliwa kwa jina lako, mtoa huduma anaona seva uliyoifikia. Na yale uliyoyatia saini yakishanakiliwa kwenye seva nyingi, huna hakika ya kuyafuta siku utakapoyaogopa. Kisichofutika kinabaki pia kuwa ushahidi.

Aliyelinda majina ya watu katika kanda hii kwa namna ninayoiheshimu zaidi ni binadamu. Polisi wa Tanzania walipomtaka Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums awatajie watumiaji wake, alikataa. Alikamatwa Desemba 2016, na miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo la kuendesha tovuti isiyotumia kikoa cha .tz. Aprili 2020 alitozwa faini ya shilingi milioni 3 za Tanzania kwa kuzuia uchunguzi.

Kwa hiyo wanaojenga mitandao hii wajenge pia njia ya kuurejesha ufunguo uliopotea na kuubatilisha ulioibwa. Ila kazi kubwa iko Bungeni na kwenye mahakama za Milimani. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano, na sheria iseme wazi kwamba taarifa za mwenye laini hazitolewi kwa polisi bila amri ya hakimu, na atakayezitoa kinyume ashtakiwe. Wewe unayeandika kwa jina la bandia leo, usiliunganishe na namba yako ya simu wala na akaunti yako ya kawaida, na ufunguo wako uandike kwenye karatasi uiweke nyumbani.